Presha ya Matairi kwa Safari Ndefu: Mwongozo Kamili wa Kupima na Kujaza Upepo Ukitokea Nairobi

Wanaofunga safari ya Mombasa, Kisumu au Nanyuki hulalamikia jambo lile lile: upepo ulijazwa, lakini tairi likaharibika njiani. Ukiwadadisi kidogo, visa vyao vinafanana. Gari limepakiwa asubuhi, limekaa saa nzima kwenye msongamano wa mjini, kisha likaingia kituo cha mafuta pale Mlolongo. Mhudumu akauliza, "Bosi, niweke ngapi?" Dereva akajibu, "Weka thelathini na mbili zote," akarudi kwenye simu yake.

Jibu hilo lina makosa matatu. Matairi yalikuwa yameshapata moto, kwa hivyo geji haikusoma kipimo chake halisi. Thelathini na mbili huenda si namba ya gari hilo, hasa likiwa na watu watano na buti iliyojaa hadi juu. Na geji ya kituo, ambayo huangushwa sakafuni kutwa mara kadhaa, haikulinganishwa na nyingine yoyote.

Dawa yake ni hii: pima nyumbani, alfajiri, kabla injini haijawashwa, kwa geji yako mwenyewe, kisha andika ulichosoma. Maamuzi yote utakayofanya njiani yatategemea namba hiyo ya asubuhi.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Geji yako ya presha. Iwe ya kalamu, ya mshale au ya dijitali, zote zinafaa. Kubwa ni kutumia hiyo hiyo safari nzima. Geji inayokosea kila siku kwa psi moja (psi ni kipimo cha presha, ndicho wahudumu wa vituo hutumia) ina manufaa kuliko geji tano tofauti za vituo vitano.
- Kompresa ndogo ya volti 12, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Si lazima, lakini ukiwa nayo humtegemei mtu.
- Tochi, kitambaa, na chupa ndogo ya maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo.
- Jeki, spana ya nati za magurudumu, na soketi ya kufuli iwapo nati mojawapo ya kila gurudumu ina umbo tofauti na zenzake. Magari mengi yaliyotumika Japani huja na nati hizo, na soketi yake hupotea kabla gari halijafika kwako. Itafute leo. Ukiikosa, nenda Kirinyaga Road utafutiwe nati za kawaida, ubadilishe zote.
- Vibao viwili vya pembetatu na jaketi linalong'aa usiku.
- Simu au karatasi ya kuandikia vipimo.

Hujaona teke kwenye orodha hii. Kupiga tairi teke hakukuambii chochote. Tairi za kisasa hufura kidogo pale chini hata zikiwa sawa, na tairi la psi 24 na la psi 33 huonekana na kusikika karibu sawa kwa jicho na kwa kiatu. Ndiyo maana kuna geji.

## Hatua ya 1: Tafuta namba ya gari lako, si ya jirani

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mwili wa gari, pale mlango unapojifungia. Kuna kibandiko. Kwenye magari mengine kiko kwenye ukingo wa mlango wenyewe au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kimeandikwa saizi ya tairi, mathalani 185/60R15, na mbele yake presha ya tairi za mbele na za nyuma.

Gari likiwa limetoka Japani, maandishi yatakuwa ya Kijapani na namba zitakuwa za kPa, kipimo kingine cha presha. Usibabaike. Saizi ya tairi husomeka vile vile katika lugha zote, na kPa hugeuzwa hivi: 200 ni psi 29, 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, 250 ni psi 36, 260 ni psi 38. Ukiona namba ndogo kama 2.3, hiyo ni bar au kipimo kinachokaribiana nayo sana. Zidisha kwa 100, upate kPa.

Vibandiko vingine vina safu mbili: ya gari lenye watu wachache, na ya gari lililojaa. Safari ya familia na mizigo yake ni ya safu ya pili, na mara nyingi tofauti kubwa iko kwenye tairi za nyuma. Kwa pikapu na vani tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa mno, kwa hivyo usikisie hata kidogo.

Onyo: kuna namba nyingine imechongwa kwenye ukuta wa tairi lenyewe, pengine 44 au 51. Hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi linaruhusiwa kubeba. Si ya kujazia. Ukijaza hadi hapo, gari litarukaruka, tairi litashika lami kwa sehemu ya katikati tu, na breki zitachelewa kushika, hasa mvua ikinyesha.

Jambo moja zaidi, na hapa Nairobi ni la kawaida: saizi iliyo kwenye tairi zako hailingani na ya kibandiko, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alibadilisha rimu. Hapo namba ya kibandiko haikufai moja kwa moja. Nenda duka la matairi linaloaminika, waulize presha inayobeba uzito wa gari lako kwa saizi uliyo nayo, uiandike na kuibandika karibu na kibandiko cha zamani.

Umefaulu ukiwa na namba mbili mkononi, ya mbele na ya nyuma, na unajua zimetoka wapi.

## Hatua ya 2: Pima alfajiri, tairi likiwa baridi

Tairi baridi ni lile ambalo gari lake limesimama angalau saa tatu, au limetembea polepole chini ya kilomita mbili hivi. Namba zote za kibandiko ni za hali hiyo. Gari likikimbia, tairi hujikunja na kujinyoosha kila linapozunguka, linapata moto, na upepo wa ndani unatanuka. Baada ya nusu saa ya barabara kuu, geji inaweza kusoma psi 4 hadi 6 zaidi ya asubuhi.

Ndiyo hatari ya yule dereva wa Mlolongo. Gari lake lilitoka nyumbani na psi 28. Likafika kituoni likisoma 32. Mhudumu akasema ziko sawa, na kwa geji yake hakukosea. Dereva akaondoka akidhani amekagua, kumbe, kama kibandiko chake kinataka 33, yuko psi 5 chini, na mbele yake kuna kilomita zaidi ya 450 za joto na mzigo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, ukuta wake unapata moto, na mwishowe tabaka za ndani zinaachana. Kupasuka kunakotokea Kibwezi saa sita mchana mara nyingi kulianzia Nairobi saa kumi na mbili asubuhi.

Pima kabla jua halijapiga gari. Upande ulioanikwa juani utasoma juu kuliko ulio kivulini, na unaweza kudhani tairi za kivulini zinavuja.

Sasa kupima kwenyewe. Fungua kifuniko cha valvu, kile kijibomba cha kujazia upepo, na ukitie mfukoni, usikiweke chini. Futa vumbi kwenye mdomo wa valvu. Kandamiza geji wima kwa mkupuo mmoja. Ukisikia upepo ukitoroka kwa mlio mrefu, geji haijakaa vizuri na namba uliyopata si ya kuaminika. Rudia. Vipimo viwili vikitofautiana, kile cha juu ndicho huwa karibu na ukweli, kwani geji iliyokaa vibaya hupoteza upepo na kusoma chini.

Andika zote nne, kwa mfano: mbele kulia 31, mbele kushoto 31, nyuma kulia 30, nyuma kushoto 26. Kwenye mfano huu, tatizo haliko kwenye zile tatu zilizopungua kidogo kwa pamoja. Liko kwenye nyuma kushoto. Tairi zote hupoteza psi moja au mbili kwa mwezi bila hitilafu yoyote, lakini moja likiwaacha wenzake kwa psi 4, linavuja mahali. Usilijaze tu ukaondoka.

## Hatua ya 3: Kagua kwa macho na vidole

Kazi hii ni ya dakika tano. Geuza usukani upande mmoja ili uone tairi za mbele vizuri, kisha pitisha tochi.

Tafuta msumari, skrubu au kipande cha chuma. Ukikuta, usikichomoe sasa. Ukikichomoa, tundu litakuwa wazi na utabaki na gari lililolala chini kabla hujampata fundi. Tazama ukuta wa tairi: uvimbe, mpasuko, au alama ya kugonga ukingo wa barabara. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hilo halijazwi wala halizibwi, hubadilishwa.

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Meno yakiisha hadi yakalingana na vinundu hivyo, yamebaki milimita 1.6, na tairi limeingia ukipara. Kwa safari ya mvua ya Aprili au Novemba mimi singengoja yafike hapo.

Angalia pia umri. Kwenye ukuta kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kupita miaka kumi hata kama meno yapo. Gari lililokaa sana chini ya mti Kilimani linaweza kuwa na tairi zenye meno mazuri na mpira uliokauka.

Gari likiwa ndiyo kwanza limetoka bandarini, soma maandishi yote ya ukutani. Ukiona STUDLESS au alama ya mlima wenye theluji, hizo ni tairi za majira ya baridi ya Japani. Mpira wake ni laini, umetengenezewa barafu, na kwenye lami ya moto ya Tsavo huisha haraka na kulegeza usukani. Zibadilishe kabla ya safari ndefu.

Mwisho, sukuma valvu pembeni taratibu kwa kidole. Valvu ya mpira iliyozeeka huonyesha nyufa pale inapoingia kwenye rimu. Tone la maji ya sabuni juu ya mdomo wake likifanya povu, sindano ya ndani imelegea au imechakaa. Fundi wa pancha yeyote ataibadilisha kwa muda mfupi na kwa pesa kidogo.

## Hatua ya 4: Jaza

Ukiwa na kompresa yako. Washa injini ukiwa nje, si ndani ya gereji iliyofungwa, ili betri isiishe. Funga bomba kwenye valvu hadi mlio wa upepo ukome, kisha washa kompresa. Geji iliyo juu ya kompresa husoma juu zaidi wakati mota inazunguka, kwa hivyo zima kwanza, toa bomba, upime kwa geji yako. Ipumzishe baada ya kila dakika kumi hivi, au kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Kile kichwa cha shaba cha bomba hupata moto wa kuunguza vidole, na hapo ndipo kitambaa kinapofaa.

Ukizidisha kidogo, bonyeza sindano ya valvu kwa ncha ya geji, utoe upepo kidogo kidogo huku ukipima. Tairi ni baridi, kwa hivyo hapa kupunguza ni halali.

Usipokuwa na kompresa. Itabidi uende kituoni, na ukifika tairi zitakuwa zimepata moto. Usihangaike kukisia. Tumia tofauti. Nyumbani tairi lilisoma 28 na kibandiko kinataka 33: pengo ni 5. Kituoni limesoma 31. Ongeza yale 5, ufike 36. Mhudumu atashangaa. Mwambie tu, "Kaka, hii niwekee thelathini na sita, nyingine nitakuambia." Shuka garini, simama naye, na akimaliza pima kwa geji yako.

Chagua kituo kilicho karibu na nyumbani. Anayekaa Kasarani hana haja ya kungoja afike Athi River. Mashine za dijitali ambazo unapanga namba na zinalia zikimaliza ni nzuri, ila nazo ujazo wake uhakikishe.

Duka likikuuzia naitrojeni, hakuna ubaya, lakini hewa ya kawaida tayari ina naitrojeni asilimia 78. Mimi singelipia. Na kama tairi zako zina naitrojeni na upepo umepungua Voi, ongeza hewa ya kawaida bila wasiwasi. Kuendesha tairi lenye upepo mdogo kwa kuogopa kuchanganya ni hasara tupu.

Rudisha vifuniko vyote. Huzuia vumbi na maji kuingia kwenye sindano, na sindano ikianza kuvuja hupunguza kasi ya upepo kutoroka.

Umefaulu ikiwa tairi mbili za mbele zinasoma sawa, mbili za nyuma zinasoma sawa, na tofauti na kibandiko haizidi psi moja.

## Hatua ya 5: Spea, ambayo hukumbukwa mizigo ikishapakiwa

Ipime kabla ya kupakia. Spea ya saizi kamili jaza psi mbili au tatu juu ya namba kubwa ya kibandiko, kwa sababu itakaa muda mrefu bila kuguswa, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza ukiwa porini.

Spea nyembamba ya muda ina kanuni zake. Nyingi huhitaji psi 60, yaani karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Soma ubavuni mwake uhakikishe. Nyingi nilizowahi kuona zikipimwa zilikuwa chini ya nusu ya hapo.

Magari mengi madogo ya karibuni hayana spea kabisa. Badala yake kuna chupa ya dawa ya kuziba na kompresa ndogo. Hapa kuna mtego. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na magari mengi hufika yakiwa yamekaribia umri huo, ilhali dawa ya chupa huisha muda wake baada ya miaka michache tu. Uwezekano ni mkubwa kwamba chupa yako iliharibika kabla gari halijapanda meli. Soma tarehe. Kama imepita, nunua nyingine, au tafuta spea inayoingia kwenye gari lako.

## Hatua ya 6: Ukiwa njiani

Kila baada ya saa mbili hivi, simama mahali salama. Kwa barabara ya Mombasa, Emali, Makindu na Mtito Andei ni vituo vinavyojipanga vyenyewe. Usisimame kando ya lami kwa ukaguzi wa kawaida. Malori hayakuoni kwa wakati.

Zunguka gari ukiweka kiganja karibu na kila tairi, kisha uguse ukuta wake kwa uangalifu. Vuguvugu inayolingana ni sawa. Tairi moja likiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kuna sababu: upepo mdogo au breki inayokwama. Rimu ikiwa moto sana na kuna harufu ya kuungua, ni breki, na hiyo kazi si ya geji.

Ukipima hapa, linganisha tu. Asubuhi ilikuwa 33 zote za mbele, sasa zinasoma 37 na 38: vizuri kabisa. Zikisoma 38 na 33, hilo la 33 limepoteza upepo, ingawa namba yake ni ile ile ya kibandiko. Namba "nzuri" kwenye tairi lenye moto ni dalili mbaya, na wengi huteleza hapo.

Usipunguze upepo wa tairi lenye moto. Kila safari yupo mtu mwenye sauti kubwa anayeshauri, "Toa kidogo, jua kali litapasua." Ni kinyume. Kibandiko kilishahesabu ongezeko hilo. Ukitoa psi 5 Mtito Andei mchana, tairi likipoa utakuwa psi 5 chini, litajikunja zaidi, litapata moto zaidi. Unatengeneza kile unachokiogopa.

## Kushuka pwani na kupanda baridi

Watu huuliza kama waongeze au wapunguze kwa sababu ya mwinuko. Geji haipimi upepo wa ndani peke yake. Inapima tofauti kati ya ndani na nje. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya nje inakandamiza kwa psi 12 hivi. Mombasa ni psi 14.7. Kwa mwinuko pekee, tairi lililosoma 33 Nairobi lingesoma karibu 30 Mombasa bila tundu lolote.

Lakini Mombasa kuna joto. Kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza takribani psi 2. Alfajiri ya Nairobi ikiwa nyuzi 14 na ya Mombasa nyuzi 26, joto linarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ukielekea Eldoret, pale Timboroa ambako barabara inapita mita 2,700, mambo hugeuka: mwinuko unaongeza psi moja na kidogo, baridi inaipunguza. Matokeo ni yale yale.

Kwa hivyo usirekebishe chochote kwa ajili ya mwinuko kabla ya kuondoka. Pima tena asubuhi ya kwanza baada ya kulala huko. Zote nne zikiwa zimeshuka psi moja au mbili kwa pamoja, ongeza ufikie kibandiko. Moja likiwa limeshuka peke yake, tafuta tundu.

## Hatua ya 7: Taa ikiwaka au gari likianza kuvuta upande

Taa ya presha ni alama ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Magari mengi ya Japani hayana, kwa hivyo kutowaka kwake si ushahidi wa chochote. Na kwenye magari mengi huwaka upepo ukiwa umeshapungua kwa robo hivi. Ikimweka kwa dakika moja kisha ikabaki imewaka, kwa kawaida ni hitilafu ya kihisio. Pima hata hivyo.

Usifunge breki ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa mikono miwili, acha gari lipungue mwendo lenyewe, kisha toka barabarani hadi mahali pagumu na tambarare. Tairi likipasuka kabisa, hatua ni zizo hizo. Abiria washuke upande ulio mbali na magari na wasimame mbali na lami. Weka kibao kimoja nyuma angalau hatua 50 ndefu, na zaidi kama kuna kona au mlima unaokuficha.

Pima. Kuna hali tatu.

Tairi likiwa limepungua kidogo, liko juu ya psi 25 hivi, lijaze, ngoja dakika kumi, upime tena. Likishikilia au likipungua psi moja tu, endelea kwa mwendo wa kilomita 50 au 60 hadi kwa fundi wa karibu, ukipima kila baada ya kilomita kumi na tano.

Likipungua haraka kuliko hapo, weka spea. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini, ndipo uinue kwa jeki. Kaza kwa kuruka, nati moja kisha iliyo mkabala nayo, na umalizie gari likiwa limeshuka. Kaza tena baada ya kilomita 50 hivi.

Likiwa limelala na umeliendesha hata kilomita moja hivyo, usilijaze ukaendelea kana kwamba ni pancha tu. Ukuta umesagwa kati ya rimu na lami. Ukilivua na kukuta unga mweusi wa mpira ndani, tairi hilo limekwisha, hata kama nje linang'aa.

Ukitumia dawa ya chupa, fuata maelezo yake, endesha kilomita chache chini ya 80 kwa saa, usimame na kupima. Geji ikiwa imeshuka chini ya psi 19, dawa imeshindwa. Ita gari la kukuvuta. Na mwambie fundi kwamba ndani kuna dawa, kabla hajaifungua ikamrukia.

Kwa fundi, tundu la katikati ya meno lisilozidi milimita 6 linazibika. Ule uzi mnene wenye gundi unaosukumwa kutoka nje utakufikisha Nairobi, ila ukifika omba tairi livuliwe lizibwe kwa ndani. Tundu la ukutani asikubembeleze mtu. Kabla hujaondoka, temea mate au mwagia maji ya sabuni pale palipozibwa, na uangalie povu kwa dakika nzima.

## Hatua ya 8: Kabla ya kurudi, na ukisharudi

Asubuhi ya kurudi, rudia Hatua ya 2 yote. Wengi hawafanyi, kwa kuwa gari "lilikuja vizuri". Kumbe barabara ya vumbi ya hotelini imeliachia gari msumari, na mzigo wa kurudi ni ule ule pamoja na magunia ya machungwa.

Ukifika nyumbani na kupakua, kesho yake asubuhi shusha tairi za nyuma zirudi kwenye safu ya gari lisilojaa. Ukiziacha juu kwa wiki kadhaa za kwenda kazini peke yako, zitaisha katikati kabla ya pembeni. Kama ulitumia spea nyembamba, iondoe siku hiyo hiyo, ujaze psi 60 tena, uirudishe mahali pake.